Tupeane uzoefu: sosi ya piza ya bei nafuu, kwa vitu vya soko la Mombasa

Mvita_Jikoni
Wadau, uzi huu ni wa sosi tu. Mambo ya unga na hamira tuyaache. Atakayechangia ataje vipimo, maana "tia kiasi" haimsaidii anayeanza. Lengo ni sosi ya piza tano za sentimita 25 kutokana na kilo moja ya tungule, yaani nyanya. Kazi kubwa ni moja: kutoa maji. Tungule ni maji takriban asilimia 94, na yasiyotoka kwenye sufuria yatatokea kwenye unga, katikati ibaki mbichi huku pembeni panaungua.

Mchuuzi_Kongowea
Basi tuanze na kununua. Chagua zile za umbo la yai, Rio Grande au Cal J. Nyama yake ni nene na majimaji ni machache. Zile za duara zenye vyumba vingi ndani ziachie kachumbari. Tungule ya sosi iwe nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Yenye mabega ya kijani hutoa sosi kali yenye rangi ya chungwa, na sukari haitaitengeneza. Zikiwa ngumu ziache mezani siku mbili tatu. Usizitie friji, baridi huzuia kuiva na kupunguza harufu.

Jioni bei ya zilizolainika hushuka, kwa joto letu hili hazifiki kesho. Hizo ndizo zako, mradi ganda halijapasuka. Yenye ukungu itupe nzima, usikate upande mmoja ukatumia wa pili. Tungule ni laini, ukungu hupenya mbali kuliko jicho linavyoona.

Bi_Kuze
Vipimo vya kilo 1 (tungule 10 hadi 12 za wastani):
mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 2, nusu ya kitunguu maji kimoja kidogo, thomu (kitunguu saumu) punje 3, chumvi robo tatu ya kijiko cha chai, oregano kavu kijiko cha chai 1, pilipili manga robo kijiko cha chai. Sukari nusu kijiko cha chai, lakini mpaka uonje kwanza.

Kata tungule katikati kwa upana, kamua mbegu kwenye bakuli, kisha kwaruza upande wa nyama kwenye greta yenye matundu makubwa. Ganda litabaki kiganjani, jembamba kama karatasi. Hakuna kuchemsha maji ya kumenyea, hakuna blenda. Blenda ina makosa mawili: huingiza hewa, sosi ikawa ya waridi yenye povu, na ikisaga mbegu huleta uchungu. Ukiyaacha maganda yajipikie humo, yatajiviringa kama vijiti na kumkwama mtu kooni.

Pasha mafuta moto mdogo, kaanga kitunguu kilichokatwa vidogo sana dakika 5 kilainike bila kugeuka rangi. Thomu iingie mwisho, nusu dakika tu. Ikishika rangi ya kahawia imeshaungua, na uchungu wake hautoki hata utie nini. Osha sufuria uanze upya, heri hasara ya punje tatu kuliko ya kilo nzima. Mimina tungule na chumvi, ongeza moto mpaka ichemke, kisha punguza. Usifunike. Sufuria iwe pana: kwenye pana dakika 35 hadi 45 zinatosha, kwenye ya shimo refu utapita saa na gesi inakwenda. Ikianza kuruka, egemeza kifuniko juu ya mwiko mvuke upate pa kutokea.

Kuijua imeiva: buruta mwiko chini ya sufuria. Njia ikibaki wazi kwa sekunde mbili tatu kabla sosi haijarudi, zima. Usipoamini, tia kijiko kimoja kwenye kisahani ungoje dakika moja. Duara la maji likijitenga pembeni, rudisha motoni. Utapata kama gramu 400.

Oregano iingie dakika 5 za mwisho, uisugue viganjani kwanza.

FundiGesi_Likoni
Bi Kuze, shikamoo. Naongeza njia ya kuokoa gesi. Tungule ikishakwaruzwa, tia ile chumvi yote, mimina kwenye chujio juu ya bakuli na uache dakika 30. Maji mengi yatashuka yenyewe, na mapishi yanapungua mpaka dakika 20 hivi. Maji hayo usimwage, yatie kwenye mchuzi wa samaki au wali.

Bi_Kuze
Marahaba mwanangu. Ni kweli, ila anayefuata njia yako asichanganye na yangu. Tungule ikikatwa, vimeng'enya vyake huanza kula pektini, ile inayofanya sosi ishikane. Ukitaka kuchuja, hilo linakusaidia, maji yanajitenga upesi. Lakini ukikusudia kupika kila kitu bila kuchuja, usikwaruze asubuhi ukapika mchana. Kwaruza, pika hapo hapo, na moto wa kwanza uwe mkali, maana joto la nyuzi 85 na zaidi ndilo linalovizima. Wengi wanaolalamika sosi yao "inaachana" wanashikwa hapo. Tena wakishashikwa wanatia unga wa mahindi! Sosi inateleza kama uji na juu inafanya ngozi. Unga huo upelekeni kwenye sima.

Kijana_Bamburi
Mvua zikinyesha bei ya nyanya hupaa na zenyewe zinakuwa majimaji. Hapo pakiti ya nyanya nzito ya gramu 70 ni nafuu zaidi. Soma nyuma ya pakiti: iwe nyanya na labda chumvi. Ukiona wanga au rangi, iache.

Kaanga thomu punje 1 kwenye kijiko kikubwa 1 cha mafuta, tia nyanya ya pakiti na uikaange peke yake dakika 2 mpaka iwe nyekundu iliyoiva na mafuta yaanze kujitenga. Hatua hii ndiyo inayoondoa ladha ya mkebe. Kisha maji mililita 100, oregano nusu kijiko cha chai, chemsha dakika 5. Chumvi onja kwanza, pakiti nyingi zinayo. Inatosha piza mbili.

Njia ya katikati ni nzuri kuliko zote: nusu kilo ya nyanya mbichi na pakiti moja. Harufu inatoka kwa mbichi, uzito kwa pakiti, moto dakika 20.

Mama_Swaleh
Jamani, sosi yangu ni kali mno. Nitie ukwaju? Na rehani, yale majani ya basil, je?

Bi_Kuze
Mama Swaleh, ukwaju utaongeza ukali na utageuza sosi kuwa chatine. Tia karoti nusu, iliyokwaruzwa laini sana, ikaangike pamoja na kitunguu. Utamu wake ni wa taratibu. Usizidishe, karoti mbili kwa kilo sosi inakuwa supu. Ikishindikana, baking soda ncha ya kisu tu: itatoa povu, koroga mpaka litulie. Ikizidi, sosi huwa na ladha ya sabuni na rangi kufifia. Kinyume chake, ikiwa imepooza, matone ya ndimu baada ya kuzima moto.

Rehani ya kwetu, ile ya kufungia vikuba, ina harufu kali kuliko ile ya Waitaliano. Majani manne kwa kilo yanatosha, yachane kwa mkono, yaingie baada ya kuzima moto. Ikichemka hugeuka nyeusi na chungu.

Makaa_JuuChini
Kwa wasio na oveni, wanaopika kwa makaa juu na chini kama mkate wa sinia: sosi yenu iwe nzito kidogo kuliko ya oveni, mvuke ndani ya sufuria hauna pa kwenda. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Kifuniko kikipoa kitatiririsha maji juu ya jibini.

Sosi ipoe kabisa kabla ya kupakwa. Ya moto hulainisha unga, ukashika sinia. Piza ya sentimita 25 inataka gramu 70 hivi, vijiko vikubwa vinne. Anza katikati kwa mgongo wa upawa, zungusha kwenda nje, acha ukingo wa sentimita mbili. Unga uonekane kwa mbali chini ya sosi.

Na mtu asiwaambie "Napoli kule Italia hawapiki sosi". Hawapiki kwa sababu tanuri lao hupita nyuzi 430 na piza hutoka kwa dakika moja na nusu. Oveni ya nyumbani ni nyuzi 220 hadi 250, piza hukaa dakika 10 hadi 15. Tungule mbichi ya hapa kwa moto huo itamwaga maji yote kwenye unga.

Mvita_Jikoni
Kuhifadhi je? Wengine wanapika ya wiki nzima.

Kijana_Bamburi
Friji siku 4, kwenye chupa ya glasi au plastiki yenye kifuniko. Usiiache kwenye sufuria ya aluminiamu usiku kucha: asidi ya nyanya huila, sosi inapata ladha ya chuma. Friza miezi 3. Mimina vijiko vinne vinne kwenye mifuko midogo, bapa, kila mfuko piza moja. Ikiwa bapa huyeyuka kwa dakika chache. Kuiweka kabatini kwenye chupa zilizozibwa, hapana. Yenye thomu, kitunguu na mafuta inaweza kuota sumu ya botulizimu bila harufu wala dalili, na matone ya ndimu hayatoshi kuizuia. Stima ikikatika na sosi ikayeyuka ikapata joto zaidi ya saa mbili, usiirudishe friza.