Yule mzee wa cherehani ametundika mshono wangu UKUTANI

Bint_Bombo aliandika:

Jamani leo sina salamu. Ndiyo kwanza natoka mjini, hata viatu sijavua, na kwenye teksi nilikuwa natetemeka mpaka kondakta akaniuliza kama nimefiwa.

Yule mzee. Mnamjua. Kila aliyewahi kununua hata sindano moja kule Kiyembe, Kampala mjini, anamjua. Mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, anayekutajia bei huku akitafuna njugu, na ukiuliza mara ya pili bei inapanda. Huyo huyo.

Basi huyo mzee leo amechukua kitambaa nilichokishona kwa mikono yangu mwenyewe, akakitundika ukutani. Kwenye msumari. Na si msumari wowote, ni ule unaoshika leseni ya biashara! Anayeingia kuangalia kama duka limelipia leseni anaanza na mshono wangu.

Ngoja niwaeleze vizuri. Nataka kujifunza kushona nyumbani. Sijasema nafungua duka, sijasema nawashonea mawaziri suti. Nataka foronya, mapazia, na suruali za shule zinazopasuka magoti kila muhula. Nimechoka kumpelekea fundi suruali Jumatatu nikaambiwa nirudi Idi. Nikasema nanunua cherehani yangu, nakaa barazani kwangu, najifunza taratibu.

Nikaingia kwa adabu zote. "Asalaam aleikum, Haji, natafuta cherehani ya kuanzia." Akanitazama kuanzia viatu mpaka mtandio. Hakujibu, akamwita kijana wake, kijana akaniletea kile kimashine cheupe cha plastiki kinachotumia betri. Nikamwambia Haji, hiki hakipiti hata kwenye pindo la jinzi, mimi nataka ile nyeusi ya chuma, ya kukanyaga, kwetu umeme ukikatika haurudi leo. Akacheka. "Ile ni ya mafundi, binti yangu."

Binti yangu! Mimi mwenye mtoto wa sekondari!

Nikavuta kiti nikakaa. Nikamwambia lete kitambaa nijaribu. Wakanipa kipande cha amerikani. Nikakanyaga, gurudumu likaenda mbele, likarudi nyuma, uzi ukakatika. Kijana akautunga upya, nikakanyaga tena, mshono ukatoka. Umepinda? Kidogo. Kiti chenyewe kilikuwa na mguu mmoja mfupi, ungekaa nacho wewe ungeshona mpaka ukutani.

Mzee akakichukua kile kitambaa, akakinyoosha kwenye taa, akaita WATU. Akina mama waliokuja kununua vifungo, wabeba mizigo, hata mwuza chai aliyekuwa anapita zake. Akawaambia: "Mnaona? Huyu amesomea YouTube." Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Ndipo akakitundika.

Narudia kwa wanaosoma haraka haraka: AKAKITUNDIKA. Msumarini. Juu ya leseni.

Naomba mtu yeyote mwenye utu asinunue kwake hata kifungo mpaka akishushe.

Boda_Wandegeya:
Sasa ulinunua au hukununua?

Bint_Bombo:
Nimetundikwa ukutani, wewe unaniuliza habari za kununua?

Boda_Wandegeya:
Kwa hiyo hukununua 😂

Mama_Sare_Jinja:
Pole sana dada, huyo mzee namfahamu vizuri. Mimi alinitoza uzi niliojaribia cherehani. Aliupima kwa rula, wallahi. Akaandika na risiti.

Fundi_Katwe:
Dada Bint, pole, lakini ngoja nikusaidie badala ya kukuchekea. Ile ya kukanyaga hufundishi miguu kwanza, unafundisha mkono. Mkono wa kulia unalivuta gurudumu la juu lije kwako, likishaanza kuzunguka ndipo miguu inafuata, kisigino na vidole kwa zamu. Ukianza kwa kukanyaga tu, gurudumu linachagua lenyewe pa kwenda, na likirudi nyuma uzi unakatika. Ndivyo ilivyokuwa kwako.

Siku za mwanzo toa uzi kabisa. Chukua karatasi ya daftari yenye mistari, ipitishe chini ya sindano, ufuate mstari kwa matundu peke yake. Siku matundu yatakapokaa juu ya mstari mpaka mwisho wa ukurasa, weka uzi. Ila sindano uliyotobolea karatasi usiipeleke kwenye kitambaa, karatasi inaifanya butu.

Halafu uzi ukijiviringa chini ya kitambaa, wanafunzi wote wanailaumu bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Wanaifungua, wanaifunga, wanaitukana. Kosa mara nyingi liko juu. Inua mguu wa kubania KABLA ya kutunga uzi, ili uingie katikati ya vile visahani vya kukazia. Mguu ukiwa chini visahani vimebanana, uzi unapita juu juu, haukazwi na chochote.

Bint_Bombo:
Fundi ahsante, lakini nani amekuuliza bobini? Mbona hakuna anayezungumzia msumari?

Nimepita_Tu:
Nimepita pale saa nane na kitu. Kipo, jamani. Nimekiona kwa macho yangu.

Ila Bint ulisema "kidogo". Ule mshono unaanza vizuri, unapanda, unashuka, unakata kona, unarudi ulikotoka, ni barabara ya Kabale kwenda Kisoro kabisa. Nilicheka mpaka mzee akaniuliza kama mwenyewe namjua. Nikamkana.

Bint_Bombo:
KITI KILIKUWA KIFUPI MGUU MMOJA.

Mikono hii inasuka mikeka na kawa tangu nikiwa msichana, Bombo nzima inajua. Halafu mtu anayefunga miwani kwa uzi ndiye wa kunicheka? Kwa nini hakuishona hiyo miwani?

Boda_Wandegeya:
Alipeleka kwa fundi, akaambiwa arudi Idi 😂😂

Mzalendo_wa_Kongo:
Afazali wewe dada. Miye huku Nakivale, kambi ya wakimbizi, nilinunua mashini ya zamani kwa mutu, akaapa iko nzima. Kumbe kichwa ni cha mashini moja, meza ni ya ingine, gurudumu la chini na la juu hayatazamane. Mukanda kila mara unatoka. Nashona kitenge mushono mbili, nainama kuurudisha. Mugongo unauma kushinda mikono. Wewe walikutundika kitambaa, miye walinitundika na feza yangu.

Fundi_Katwe:
Ndugu wa Nakivale, kama magurudumu hayalingani, usipoteze pesa ya mkanda mpya. Legeza bawaba za kichwa pale nyuma, mara nyingi zinaruhusu kusogeza kichwa kidogo. Na mkanda wa ngozi ukilegea usiutupe: ukate kipande kidogo, utoboe tundu jipya, uunge tena kwa ile pini ya waya.

Mzalendo_wa_Kongo:
Mungu akubariki baba. Kesho asubuhi naanzia hapo.

Mjasiriamali_KLA:
Mimi sielewi, watu wa karne hii bado mnagombania za kukanyaga. Nunueni ya kiwandani ya umeme, ile ya mezani. Inakwenda mpaka mishono 5,000 kwa dakika. Mtatoka kwenye umaskini lini?

Mama_Sare_Jinja:
Mishono 5,000 kwa mtu ambaye hajui gurudumu linazunguka upande gani? Atashona kitambaa, mkono wa gauni na kidole chake humo humo. Za nyumbani nyingi hazifiki hata 1,000, na bado mwanzo zinakukimbia.

Fundi_Katwe:
Na motoa yake uiulize kwanza. Ile ya zamani ya klachi inazunguka muda wote uliowasha, ushone usishone. Unapima kola, inakula umeme. Unajibu simu, inakula umeme. Kama ni lazima ununue ya kiwandani, tafuta yenye motoa ya sevo, inayozunguka ukikanyaga tu, na haikupigii kelele. Tena sindano zake si hizi za nyumbani, mtu asije akanunua pakiti nzima halafu aje kulia humu.

Yaka_Imeisha:
Umeme!! Ahsanteni kwa kulitaja hilo. Mimi nina cherehani ya umeme nzuri, ina zigizagi, ina kila kitu. Juzi Yaka, umeme wa kulipia kabla, iliniishia nikiwa nusu ya zipu. NUSU. Sketi haivuki kichwani, haipiti kiunoni, mteja yuko mlangoni anaangalia saa. Nikatafuta kununua yuniti, mtandao nao haupo. Nimemaliza zipu ya watu kwa mkono na tochi ya simu mdomoni.

Bint_Bombo:
Ndiyo sababu nilitaka ya kukanyaga!!! Nilimwambia hivyo hivyo kabla hajanitundika!

Boda_Wandegeya:
Na kuibeba je? Ile ya chuma na meza yake nilishawahi kuibeba kwenye boda kutoka mjini mpaka Gayaza. Mwenye mali amekaa nyuma ameikumbatia, kanyagio linanichoma mbavu kila shimo. Tulipofika akataka kunilipa nauli ya mtu mmoja. Cherehani si abiria?

Nimepita_Tu:
Kanyagio linakaa mbavuni kwako, halafu unampakia hivyo hivyo. Polisi wa barabarani walikuwa wapi siku hiyo?

Bibi_Harusi_2:
Samahani naingilia. Kuna mtu anamjua fundi wa haraka wa gomesi, lile gauni la sherehe la mabega yaliyosimama? Kwanjula, utambulisho wangu kabla ya harusi, ni Jumamosi. Gomesi ya shangazi imerudi leo, bega moja limesimama wima, jingine limelala. Fundi anasema eti likivaliwa litanyanyuka lenyewe.

Mama_Sare_Jinja:
Halinyanyuki, mwanangu, usidanganywe. Lile bega lazima litiwe kitambaa kigumu ndani, pande zote mbili. Alitia moja akasahau jingine, au gumu lilimwishia. Lifumue leo leo. Na uangalie na vifungo, viwili vikae kushoto, maana fundi wa namna hiyo anaweza kuvihamisha.

Mjasiriamali_KLA:
Vazi lenyewe tulishonewa na fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, ndiyo maana likaitwa Gomesi. Alikuja toka Goa huko India akaweza yale mabega. Wa kwetu, waliozaliwa mama zao wakiwa wamelivaa, ndio wanashindwa.

Fundi_Katwe:
Na cherehani aliyoshonea unadhani ilikuwa ya kiwandani, mishono 5,000?

Mjasiriamali_KLA:
Sijazungumza na wewe.

Bibi_Harusi_2:
Jamani mabega. Jumamosi.

Bint_Bombo:
Bibi Harusi, mpelekee mtu yeyote ila si yule fundi wa kona karibu na msikiti, mwenye redio kubwa. Huyo nilimpelekea kitambaa cha gomesi, mita sita kamili, nilizipima mwenyewe dukani. Akanirudishia gomesi ambayo haifiki kifundoni, akasema kitambaa kilikuwa pungufu. Wiki iliyofuata nikaenda kwake msibani, nimekaa kwenye kochi, naangalia mto. Ua ni lile lile! Mito yote ya kochi! Nimekalia gomesi yangu ninawapa pole.

Mama_Sare_Jinja:
Mwenye redio? Anayefungulia mpira mchana kutwa, ukimsemesha anakuonyesha kidole unyamaze kwanza?

Bint_Bombo:
HUYO HUYO. Unamjua??

Mama_Sare_Jinja:
Alihamia huko akitokea kwetu. Ana mapazia yangu tangu mwaka jana.

Yaka_Imeisha:
Mapazia ya rangi gani, mama? Ya kijani yenye mistari ya dhahabu?

Mama_Sare_Jinja:
Enhee! Umeyaona wapi?

Yaka_Imeisha:
Kwenye madirisha ya teksi ya Entebbe. Nilikaa karibu nayo mpaka Kajjansi. Yameshonwa vizuri kweli.

Mama_Sare_Jinja:
Nipe namba ya gari.