Mapambo ya wazee yachezeshwe kwenye simu, ao yaachwe?

Wa Kamalondo: Bendugu, hapa Lubumbashi vijana wanachukua mapambo ya nguo za rafia (nyuzi za majani ya mnazi wa porini) za Wakuba wa Kasai, sona, michoro ya mchangani ya Wachokwe, na lukasa, mbao za kumbukumbu za Waluba, wanayageuza picha za kudanganya macho, zinazoonekana kama zinacheza. Mimi nakubali. Nani anapinga?

Wa Katuba: Mimi napinga namna inavyofanywa. Wanapiga picha ya nguo, wanakata mraba mmoja, wanaurudia mpaka kioo cha simu kijae. Hiyo si nguo ya Wakuba tena. Mwanaume anafuma rafia, mwanamke anatarizi bila kuchora kwanza, na katikati ya kazi anabadili kanuni: msokoto unapanuka, pembe inavunjika, safu inaanza upya. Jicho linahangaika kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyuzi zilizokatwa fupi zinapokea mwanga tofauti na mishono iliyolala. Mwaka 1971 mwanahisabati Donald Crowe alionyesha kwamba katika sanaa ya Wakuba zimo aina zote 7 za ulinganifu, yaani namna pambo linavyojirudia, wa mapambo ya ukanda, na 12 kati ya 17 za mapambo ya uso mzima. Mraba uliorudiwa unakuachia aina moja tu.

Wa Ruashi: Mama, kosa hilo ni la fundi, si la kioo. Chukua msokoto unaojirudia kila robo mzunguko. Chora picha 6, kila moja imegeuzwa digrii 15 zaidi. Ya saba itakuwa sawa na ya kwanza, mwendo haushtuki. Kata kila picha vipande vya wima vya pikseli 2 (pikseli ni vile vidoa vidogo vya kioo). Kwenye picha ya mwisho panga kwa zamu: nafasi ya kwanza itoke picha ya 1, ya pili picha ya 2, hadi 6, kisha rudia. Juu yake weka wavu mweusi wenye upenyo wa pikseli 2 na mfuniko wa 10, uusogeze pikseli 2 kila hatua: jicho linaona picha moja kwa zamu, zingine zimefichwa. Ukitaka mabadiliko anayoyasema mama, anzisha kila safu kwenye hatua tofauti.

Inaharibika wapi? Ukiituma kwa simu ikapunguzwa ukubwa, vipande vinachanganyika na unaona vivuli vya hatua za jirani. Hifadhi kwa PNG, aina ya faili isiyoharibu pikseli, katika ukubwa uleule wa kioo. Tena wavu unapitisha sehemu moja ya sita tu ya mwanga, kwa hiyo mistari myembamba inapotea.

Na msimweke mtu hatarini: kumeta kusizidi mara 3 kwa sekunde. Japani, Desemba 1997, katuni ya televisheni iliyometameta nyekundu na bluu ilipeleka mamia ya watoto hospitalini.

Wa Kampemba: Sona ndiyo inafaa kuliko zote, maana ni mwendo tangu mwanzo: vitone mchangani, kidole kinavizunguka bila kuinuliwa, hadithi inaendelea. Lakini hesabuni. Katika sona za mtindo wa mkeka, idadi ya mistari ni namba kubwa kabisa inayogawa idadi ya safu na idadi ya nguzo za vitone bila baki. Vitone 5 kwa 6, mstari mmoja. Vitone 4 kwa 6, miwili, na kidole kimelazimika kuinuka. Programu isiyojua hilo inakata simulizi.

Wa Kamalondo: Na lukasa?

Wa Katuba: Lukasa hapana! Shanga zile zinashika habari za wafalme na safari zao. Wabambudye, watu wa chama cha Mbudye waliofundwa kutunza kumbukumbu hizo, walizisoma kwa kidole. Habari iko katika mahali pa shanga na rangi yake. Ukiizungusha, umeifuta.

Wa Ruashi: Hapo nakubali, mama. Lakini mapambo ya rafia bado nasema yachezeshwe, ila sheria haiwalindi watarizi. Mkataba wa Mei 2024 wa WIPO, shirika la dunia la haki za ubunifu, unahusu rasilimali za jeni na maarifa yanayoambatana nazo, si mapambo. Kwa hiyo mgao wa pesa za watarizi uandikwe kwenye makubaliano kabla ya picha kuuzwa.

Wa Katuba: Na mtarizi mwenyewe aonyeshwe safu zinavyobadilika kabla haijatoka. Akikataa, isitoke.