Wana wa Bi Tatu, Ngamiani 🌴

*Alhamisi*

18:52 Da Mwanaidi: Assalaam alaykum. Jumapili baada ya alasiri kikao kwa Mama, wote. Ajenda ni moja tu, simu za watoto. Na mtu asije kuniambia sikuona ujumbe, tiki za bluu naziona.

18:55 Da Mwanaidi: Na hii someni kabla hamjaja. Australia tangu tarehe 10 Desemba 2025 mtoto chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti TikTok, Instagram, Snapchat, Facebook, mpaka YouTube. Serikali nzima imekaa ikaona hili si jambo la mchezo, siye tunachekacheka tu

19:20 Da Mwanaidi: Mbona kimya

19:41 Zuhura: Na WhatsApp je? Nauliza tu isije ikawa tunafukuzwa humu 😂

19:44 Kaka Athumani: WhatsApp haimo. Ila dada hiyo sheria umeisoma nusu, haimkamati mtoto wala mzazi, inabana makampuni yenyewe, wakizembea faini inafika mpaka dola milioni 49.5 za kwao. Na mtoto kutazama bila kuwa na akaunti bado anaweza kwenye baadhi ya mitandao.

19:45 Zuhura: Kwa hiyo kosa la Fahad achapwe mwenye TikTok 🤣🤣

19:49 Da Mwanaidi: Zuhura naongea mambo ya maana. Mama karekodiwa kalala mkekani kichwa wazi, mdomo wazi, na kimuziki juu yake!! Mie nimeonyeshwa na muuza samaki Deep Sea, niko nachagua changu yeye ananigeuzia simu, ati huyu si mama yako huyu. Wallahi nimeacha samaki nimerudi na mfuko mtupu

19:50 Zuhura: Changu shilingi ngapi siku hizi

19:50 Da Mwanaidi: Zuhura

20:15 Mama Fahad: Video imefutwa tangu jana na simu nimeifungia kabatini. Nimeenda kuangalia kumbe alivyojiandikisha kaweka kazaliwa 2001, mtoto ana miaka 12 na hiyo TikTok yenyewe inataka 13, sasa mie ningejuaje jamani kutwa niko kwenye cherehani, na simu yenyewe ni ile ya zamani ya kaka Athumani aliyosema ni ya masomo

20:16 Zuhura: 2001?? Mie wa 2003. Shikamoo kaka Fahad 🙏🏾

20:21 Kaka Athumani: Ilikuwa ya masomo Rehema. Nilisema saa tatu usiku anairudisha kwako. Nani alifuatilia?

20:29 Mama Fahad: Ndo mlivyo. Wangu akikosea, kikao. Ally alivyokwenda Pangani siku nne hakuna aliyeitisha kikao, tuliambiwa tufunge midomo na tukafunga

20:33 Da Mwanaidi: Rehema hayo usiyalete humu.

20:33 Mama Fahad: Nishayaleta

20:36 Da Mwanaidi: *Ujumbe huu umefutwa*

20:41 Shemeji Kombo: 👍🏾

20:42 Zuhura: Shemeji hiyo dole ya nini sasa 😳

20:58 Shemeji Kombo: Ya Jumapili

21:03 Mama: 🎤 0:58

21:06 Kaka Athumani: Niko kwenye basi narudi nyumbani na spika ya simu imekufa. Nani aniandikie Mama kasemaje

21:14 Zuhura: Naandika kama alivyosema, sijaongeza kitu. "Hiyo video mimi sijaiona na asije mtu kunionyesha. Fahad kaja leo katoka madrasa, kakaa miguuni pangu hakusema neno, kanikuna mgongo mpaka nikasinzia. Mimi nishamsamehe. Nyie siku ya Idi mlinirekodi wote, nakula mnarekodi, nasali mnarekodi, nikasema niacheni mkacheka. Huyu kajifunza wapi? Kikao cha kumkalisha mtoto peke yake nyumbani kwangu sikitaki. Mkija, njooni na simu zenu zote, ungo nitauweka mlangoni." Basi kakata.

21:31 Kaka Athumani: Sawa Mama.

21:32 Mama Fahad: Nimekusikia Mama

21:40 Zuhura: Ile yangu ya Idi nishaifuta

21:40 Zuhura: Ilikuwa na laiki 212 😔

22:07 Da Mwanaidi: Sawa Mama. Na mimi ile niliyoweka stetasi ya biriani ilishajifuta yenyewe.

22:10 Da Mwanaidi: Jumapili iko palepale. Zuhura muhogo na nazi, Rehema samaki, maana mie Deep Sea kwa wiki hii sirudi. Watoto waje wote, si Fahad tu. Na Ally nitamwambia aje

22:13 Kaka Athumani: Mie siwezi kutoka Dar, Jumapili nina zamu. Nipigieni video niwe nawaona

22:14 Zuhura: Tukupigie na nini kaka, simu ziko kwenye ungo 🤣

22:15 Kaka Athumani: Basi ibaki moja

22:15 Zuhura: Ya nani?

22:26 Da Mwanaidi: Rehema samaki unaleta?

22:48 Da Mwanaidi: Rehema nakuona uko hewani

*Ijumaa*

05:51 Shemeji Kombo: Samahani nilikuwa nimelala. Ni baada ya adhuhuri au alasiri?