Je, kuruka kamba kunaongeza urefu wa mruko wa mchezaji?

Mchezaji wa wavu:
Ndugu wanamichezo, kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiruka kamba kabla ya kila zoezi. Miguu imekuwa myepesi na sichoki upesi uwanjani, lakini nikipima mruko wa kusimama alama ukutani haipandi. Je, kamba inasaidia kweli, au ni zoezi la pumzi tu?

Kocha mstaafu:
Inasaidia, ila unapima kitu ambacho kamba haikifundishi sana. Katika kuruka kamba kwa kawaida, unyayo hugusa ardhi kwa muda mfupi, aghalabu chini ya milisekunde 250, na kwa kuwa magoti na nyonga hazikunjwi sana, kazi kubwa huangukia kifundo cha mguu na kano ya kisigino, ambayo huvutika inapopokea uzito wa mwili, kisha hurudisha nguvu hiyo inapojikunja. Mruko wa kusimama huenda polepole zaidi: unajishusha kwanza, halafu mapaja na makalio yanausukuma mwili juu, na tendo zima kwa kawaida huzidi nusu sekunde. Jaribu kushuka kutoka kwenye kijukwaa kifupi na kuruka tena papo hapo, kisha ugawe urefu wa mruko kwa muda uliokaa ardhini. Huenda maendeleo yako yamejificha hapo.

Mruka juu:
Naafikiana na Kocha, ingawa nisingependa mtu adhani kwamba kamba haiongezi urefu kwa yeyote. Anayeanza mazoezi, hasa kijana, anaweza kuongeza urefu hata wa mruko wa kusimama, kwa sababu mwili wake bado unaitikia karibu kila zoezi. Mchezo nao una sauti yake: sisi wa kuruka juu huondoka ardhini kwa takriban milisekunde 150 hadi 200, kwa hiyo ugumu wa kifundo (yaani kutolegea kwake kinapopokea uzito) ambao kamba huujenga unatufaa moja kwa moja. Kwako wewe, kamba ibaki, lakini kuchuchumaa na uzito ndiko kutakakopandisha ile alama ya ukutani.

Mchezaji wa wavu:
Nashukuru. Basi je, nikianza kuizungusha kamba mara mbili kwa kila mruko, nitapata yote mawili?

Kocha mstaafu:
Utalazimika kuruka juu zaidi, kwa hiyo mzigo utaongezeka, lakini bado ni kazi ya kifundo kuliko ya nyonga. Ongeza kidogo kidogo, kwa seti fupi zenye mapumziko, kwani kano hubadilika polepole kuliko misuli na mtu hujiona ana nguvu kabla haijawa tayari. Ukiruka juu ya zege, epuka mazoea hayo. Sakafu ya mbao au ya mpira ni salama zaidi. Maumivu yakianza kwenye muundi au juu ya kisigino na yasiishe baada ya mwili kupata joto, punguza idadi ya miruko siku hiyohiyo.