Firefly ya Fox (2002): iliuawa na ratiba au ilikuwa inakufa yenyewe?

Msomaji_wa_Ratiba ameuliza:

Wakuu, salaam. Naandaa uchambuzi wa tamthilia zilizozimwa mapema na televisheni za Marekani, na mfano ninaouegemea ni Firefly, ile ya watu tisa ndani ya chombo cha anga. Zilitengenezwa sehemu 14, Fox wakarusha 11, na Desemba 2002 wakaisitisha. Mashabiki mpaka leo wanaapa kwamba Fox waliiua: waliitupa Ijumaa usiku, wakapangua mtiririko wa sehemu, promo zikawa za ovyo. Upande wa pili wanasema watazamaji hawakuwepo, basi.

Nina maswali mawili. Ratiba inauaje tamthilia, kwa hatua? Na nitaitofautishaje tamthilia iliyouawa na ratiba na ile ambayo watu waliionja wakaikataa? Tafadhali tuweke ushabiki pembeni.

---

Saa_Mbili_Kamili amejibu:

Mkuu, anza na kalenda. Kati ya tarehe 20 Septemba na 20 Desemba 2002 kuna Ijumaa 14. Firefly ilionekana Ijumaa 11. Tarehe 11 Oktoba haikuwepo kwa sababu Fox ndio waliokuwa na haki za mechi za mtoano za besiboli, na kwa Fox mwezi wa Oktoba kila kitu kinaupisha mpira. Ikarudi tarehe 18, ikaenda wiki tano mfululizo, kisha 22 na 29 Novemba ikatoweka tena. Iliporudi tarehe 6 Desemba ilibakiwa na wiki tatu tu.

Mtazamaji wa tamthilia mpya bado hana mazoea nayo. Wiki ya tatu au ya nne ndiyo anaanza kuiweka kwenye ratiba yake ya nyumbani. Ukimkatiza wiki ya nne, anakwenda kituo kingine, na huko anakuta kitu kingine kinachoendelea wiki baada ya wiki bila kukatika. Zingatia kwamba Firefly ilikatwa wiki hiyohiyo ya nne.

Sasa mtiririko. Sehemu ya kwanza iliyotengenezwa, "Serenity", ina urefu wa saa mbili na ndiyo inayotambulisha kila mtu: nahodha Mal na vita aliyoshindwa, na daktari Simon anayepanda chombo na sanduku ambalo hataki liguswe, kumbe ndani amelazwa dada yake River. Wakubwa wa Fox waliiona nzito na ya taratibu, wakataka mwanzo wenye vurugu zaidi. Joss Whedon, mtunzi wa tamthilia, na mwenzake Tim Minear wakaandika "The Train Job" ndani ya mwisho wa wiki mmoja, na hiyo ndiyo iliyofungua pazia. "Serenity" ikarushwa tarehe 20 Desemba, siku ya mwisho, wakati uamuzi wa kusitisha ulishapitishwa.

Kwa hiyo mtu aliyefungua televisheni tarehe 20 Septemba alikutana na sura tisa asizozijua, zinazungumzia mambo ambayo hakuwahi kuyaona. Na si mwanzo pekee ulioguswa. "Our Mrs. Reynolds", iliyokusudiwa kuwa ya sita, ikarukishwa ikawa ya tatu. "Shindig" ilikuwa ya nne, ikarushwa ya sita. "Safe" ya tano ikawa ya saba. Kipindi cha polisi ambapo kila kesi inaisha usiku uleule kinaweza kuvumilia hayo. Tamthilia ambayo mahusiano yake yanakua sehemu hadi sehemu haivumilii, maana watu wawili wanaonekana wamezoeana leo, wiki mbili baadaye wanaanza kuoneana haya.

---

Dirisha_la_Promo amejibu:

Naongezea upande wa promo, maana watu wakisikia "promo mbovu" wanadhani maana yake ni promo chache. Wingi ni nusu tu ya hesabu.

Promo ya sekunde 30 ina kazi tatu: hiki ni kitu gani, kwa nini nikitazame, na lini. Firefly iliharibika kwenye ya kwanza na ya tatu. Kwenye ya kwanza, Fox waliiuza kama kichekesho cha vituko vya angani. Tamthilia yenyewe ina utani, lakini msingi wake ni watu walioshindwa vita wanaotafuta riziki pembezoni mwa sheria. Aliyekuja kwa kicheko hakukipata, akaondoka kabla ya nusu saa. Ambaye angeipenda aliiona promo akasema hii si yangu. Unapoteza mara mbili kwa pesa ileile. Ndiyo maana mimi huona promo inayodanganya ni mbaya kuliko kutokuwa na promo kabisa: ukikaa kimya, yule wa pili anaweza kuja siku nyingine akiwa hana maoni yoyote.

Kwenye ya tatu, kila kukatizwa kunahitaji kampeni ndogo mpya ya kusema "tunarudi tarehe fulani". Kampeni hiyo inakula sekunde zilezile za hewani ambazo kituo kingeziuza au kingezitumia kwa kipindi kingine. Kipindi kikishaonekana dhaifu, hakuna mkuu wa idara atakayekipa sekunde hizo. Basi kinarudi hewani kimyakimya na namba zinashuka, halafu mkutano unaofuata unaona kushuka huko ni ushahidi kwamba hakipendwi.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kipindi kinachotangulia. ABC, CBS na NBC, vituo vingine vikubwa vya kitaifa, huanza vipindi vya kitaifa vya usiku saa mbili (Jumapili saa moja) na kumaliza saa tano kwa saa za Mashariki mwa Marekani. Fox wao humaliza saa nne, na kabla ya hapo vituo shirika vya miji, yaani vituo vya mahali vinavyorusha vipindi vya Fox, huweka mambo yao, mara nyingi marudio. Hapa Tanzania kila kaya inajua saa mbili usiku ni taarifa ya habari, na kinachofuata habari kinapokea umati ambao tayari umekaa. Firefly saa mbili usiku haikupokea umati wowote kutoka Fox yenyewe. Ilitakiwa ijaze chumba kitupu, halafu iikabidhi watu tamthilia ya John Doe saa tatu. Kazi hiyo hupewa kipindi kilichokwishajulikana. Linganisha na komedi ya Seinfeld: ilihangaika miaka kadhaa, Februari 1993 NBC wakaihamishia Alhamisi mara tu baada ya Cheers, komedi iliyokwishajulikana, ikapaa.

---

Hesabu_za_Hewani amejibu:

Nakubaliana na wote wawili kwenye mambo yenyewe, nakataa neno "makusudi". Firefly ilitengenezwa na 20th Century Fox Television, kampuni dada ya kituo. Kuiua ilikuwa ni kuchoma pesa za nyumba moja.

Pesa inavyokwenda ni hivi. Mwezi Mei vituo hutangaza ratiba ya msimu mpya na kuuza mapema sehemu kubwa ya muda wa matangazo. Mauzo hayo yana ahadi ya idadi ya watazamaji, hasa wa umri wa miaka 18 hadi 49. Kipindi kisipoifikia ahadi, kituo kinamfidia mwenye tangazo kwa kumpa muda mwingine bure. Kwa hiyo kipindi dhaifu hakikai tu kikipata kidogo, kila wiki kinaongeza deni, na deni hilo linalipwa kwa dakika za vipindi vinavyofanya vizuri. Hapo ndipo subira ya wakubwa inapoishia.

Ijumaa ina tatizo lake. Kampuni za filamu hufungua filamu mpya Ijumaa, kwa hiyo zinataka matangazo yao yaonekane Alhamisi. Wenye maduka na wauza magari nao wanamtaka mnunuzi kabla ya mwisho wa wiki. Ijumaa usiku vijana hao wa 18 hadi 49 wameshatoka. Unakuwa na watu wachache na bei ndogo kwa pamoja.

Firefly ilikuwa na wastani wa watazamaji kama milioni 4.7, nafasi ya 98 kwa msimu. Barua na kampeni za mashabiki hazikuweza kuigusa namba hiyo, kwa sababu Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, wakati huo walipima nchi nzima kwa sampuli ya kaya takriban 5,000. Kama nyumba yako haina kifaa chao cha kupimia, unaweza kutazama mara kumi na usihesabiwe hata mara moja.

---

Msomaji_wa_Ratiba:

Asanteni, nimeelewa mengi. Lakini The X-Files nayo ilianzia Ijumaa, Fox hiyohiyo, mwaka 1993. Mbona haikufa?

---

Saa_Mbili_Kamili amejibu:

Swali zuri, na ndilo linalowachanganya wanaolaumu Ijumaa peke yake. The X-Files ilikaa saa tatu usiku, ikitanguliwa na The Adventures of Brisco County, Jr. saa mbili. Aliyebebeshwa matumaini ya usiku ule alikuwa Brisco. Brisco ikaisha kwa msimu mmoja, yule wa nyuma akaachwa akue. Fox wakaiacha X-Files palepale Ijumaa saa tatu misimu mitatu, mpaka walipoihamishia Jumapili Oktoba 1996 ikiwa tayari na jeshi lake. Ijumaa ni mbaya, ila ukiiacha tamthilia mahali pamoja watu wanaijua njia.

Star Trek inaonyesha upande wa pili. Kwa msimu wa tatu, 1968, mtunzi wake Gene Roddenberry aliahidiwa na NBC Jumatatu saa moja na nusu usiku. Nafasi hiyo ingelazimisha Laugh-In isogezwe kutoka saa mbili, na Laugh-In, kipindi cha vichekesho, ilikuwa kipenzi cha NBC. Star Trek ikapelekwa Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana na wanafunzi waliokuwa uti wa mgongo wake hawako nyumbani. Bajeti nayo ikapunguzwa. Ikaisha 1969 na sehemu 79, halafu marudio ya mchana na jioni kwenye vituo vya miji miaka ya 1970 yakaifanya kuwa kubwa kuliko ilivyowahi kuwa ilipokuwa NBC. Sehemu zilezile, saa tofauti.

Sasa swali lako la pili, namna ya kupima. Kwanza angalia nani alikaa kwenye kiti hicho, yaani siku na saa hiyo ya ratiba, kabla. Hapa Firefly ina ushahidi mzito: Dark Angel ilianza Jumanne saa tatu usiku mwaka 2000, ikahamishiwa Ijumaa saa mbili kwa msimu wa pili, ikashuka, ikafutwa Mei 2002. Nafasi iliyoachwa wazi ndiyo waliyopewa Firefly. Tamthilia mbili tofauti kudondoka kwenye kiti kimoja, mwaka baada ya mwaka, kunakuambia habari za kiti.

Pili, tafuta namba za nusu saa ya kwanza na ya pili ya usiku uleule. Walioingia wakabaki, lakini ni wachache, hilo ni tatizo la ratiba na promo. Walioingia kwa wingi wakatoka katikati, hilo ni la kipindi chenyewe au la promo iliyodanganya. Usichanganye haya mawili, tiba zake hazifanani.

Tatu, linganisha wiki ya kabla na ya baada ya kila kukatizwa. Kama inashuka tu baada ya mapengo na kutulia katikati yake, mtuhumiwa unaye. Kama inashuka kila wiki, pengo au hakuna pengo, usiisingizie besiboli.

---

Dirisha_la_Promo amejibu:

Kwa kulinganisha, chukua pia Freaks and Geeks. NBC waliianza 25 Septemba 1999, Jumamosi saa mbili usiku. Tamthilia kuhusu wanafunzi wa sekondari, usiku ambao wanafunzi wenyewe hawapo nyumbani! Oktoba ikapisha fainali za besiboli, Januari 2000 ikahamishiwa Jumatatu na kukutanishwa na shindano la maswali la Who Wants to Be a Millionaire wakati ule linafagia kila kitu. Sehemu 18 zilitengenezwa, NBC wakaonyesha 15. Kwenye uchambuzi wako itakufaa kuliko Firefly, maana sifa za wahakiki zilikuwepo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hoja ya ubora inaondoka mezani mapema.

Na katuni ya Futurama ya Fox: Jumapili saa moja usiku, nyuma ya mechi za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ambazo zikizidisha muda zinakula nafasi yake. Sehemu zikarundikana mpaka misimu minne ya utengenezaji ikarushwa kwa misimu mitano. Fox hawakuhitaji hata kuifuta kwa kelele, waliacha kununua sehemu mpya.

---

Hesabu_za_Hewani amejibu:

Nina pingamizi moja kwa Saa_Mbili_Kamili. Kipimo ambacho hukukitaja ni maisha ya baadaye, nje ya ratiba. DVD za Firefly zilitoka Desemba 2003 zikauzwa vizuri, ndiyo maana kampuni ya filamu ya Universal wakakubali kutoa filamu, Serenity, Septemba 2005. Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 39 na kukusanya takriban milioni 40 dunia nzima. Ukiondoa fungu la wenye kumbi, ni hasara. Na huko hakukuwa na Ijumaa saa mbili wala besiboli, na mpangilio ulikuwa sawa.

Kwa hiyo, Msomaji_wa_Ratiba, kwenye uchambuzi wako andika madai mawili tofauti. Kwamba ratiba iliinyima Firefly nafasi ya kupimwa kwa haki, hilo linathibitika. Kwamba ingepimwa kwa haki ingekuwa kubwa, hilo ni dai jingine, na tiketi za 2005 haziliungi mkono.

---

Saa_Mbili_Kamili amejibu:

Pingamizi nalipokea, ila filamu inayoendeleza tamthilia ambayo wengi hawakuiona inarithi tatizo lilelile: mgeni anaingia katikati ya hadithi. Kwa utafiti, tafuta orodha za wiki za Nielsen zilizochapwa kwenye magazeti ya Marekani ya vuli 2002, na weka pembeni tarehe hizo 11 nilizokueleza. Anza na wiki za 4 na 18 Oktoba, hapo kuna pengo moja safi katikati.