Naomba ushauri: kikundi cha wanafunzi wa uzamivu wa historia kinanifia mikononi

Mtafiti Mpweke: Wanajamvi, salaam. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu katika idara ya historia, na mwaka jana wenzangu walinikabidhi kuongoza kikundi chetu cha kusomeana rasimu. Kazi yetu ni ya upweke: mtu hushinda miezi kadhaa akipekua majalada, kisha hujifungia kuandika sura ambayo haisomwi na yeyote isipokuwa msimamizi wake. Tulianza tukiwa kumi na wanne kila Alhamisi. Sasa tumebaki wanne, na wiki iliyopita nilikaa peke yangu mezani na nakala za sura nilizokuwa nimewachapishia. Nifanye shughuli gani ili watu warudi? Nakaribia kumwomba mkuu wa idara ayafanye mahudhurio kuwa ya lazima.

Msomi wa Zamani: Mkuu wa idara mwache kwanza. Leopold von Ranke, mwanahistoria wa Kijerumani aliyeanza kufundisha Berlin mwaka 1825, aliwakusanya wanafunzi wachache nyumbani kwake wachambue vyanzo pamoja, na semina ya historia imekua kutokana na mikusanyiko ya namna hiyo. Sisi tuliacha kusomeana sura, tukawa tunaleta ukurasa mmoja tu wa mwandiko uliomshinda mtu. Nakumbuka neno moja lilinitesa mwezi mzima, na mwenzangu anayetafiti karne nyingine kabisa akalisoma papo hapo. Tangu siku ile hatukuhitaji kubembelezana kuja.

Bibi Tanbihi: Mwanangu, watu kumi hawaondoki kwa kukosa shughuli. Waliacha kuja baada ya nini?

Mtafiti Mpweke: Ratiba zimebana, mama. Wengine wako nyanjani wakikusanya data.

Bibi Tanbihi: Wote kumi, kwa mkupuo mmoja?

Mtafiti Mpweke: Basi niseme. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza alitueleza kikundini kwamba amepata mafaili ya kesi za zamani ambayo hayakuwa yameorodheshwa vizuri. Nilikwenda nikayasoma, nikaandika makala, nikaituma kwenye jarida. Jina lake sikulitaja. Lakini nyaraka hizo ni za umma, kila msomaji anaruhusiwa kuzifungua, na hoja niliyojenga ni yangu mwenyewe.

Mlezi: Uaminifu umetoweka vyuoni. Zamani mwanafunzi aliona haya hata kuazima kalamu bila kuomba.

Mdadisi: Wakuu, hapa naona tunanyweshwa chai. Mafaili yasiyoorodheshwa hayasomwi na kuzaa makala ndani ya muhula mmoja. Mleta mada ametunga kisa ili tumjadili.

Mtafiti Mpweke: Ndugu, natamani ingekuwa hivyo. Kasha lilikuwa limefungwa kwa utepe mweupe, na ndani yake mna fomu ambayo kila msomaji huandika jina na tarehe. Jina lake ndilo la kwanza. Langu liko mstari wa pili, siku tisa baadaye. Nilianza na kesi nne tu, kwa sababu yeye alikuwa ametuambia zipi zina ushahidi wa wanawake.

Bibi Tanbihi: Umejijibu mwenyewe. Nyaraka ni za umma, lakini kuonyeshwa njia ni deni, na kwetu wanahistoria deni hilo hulipwa kwenye tanbihi, yale maelezo ya chini ya ukurasa. Hao kumi hawakukimbia Alhamisi. Walihesabu walichonacho mkononi, wakaona ni salama zaidi kukaa nacho kimya.

Msomi wa Zamani: Nafuta ushauri wangu wa kwanza. Ukiyafanya mahudhurio kuwa ya lazima, watakuja wote na hakuna atakayefungua mdomo. Mwone huyo dada kabla ya mhariri, kisha ukawaeleze wenzako wewe mwenyewe. Kikao kitakachofuata weka mezani rasimu yako mbichi kabisa, yenye vyanzo ambavyo hujamwonyesha mtu, na mkubaliane kwa maandishi namna ya kutajana.

Mtafiti Mpweke: Makala bado iko kwa wataalamu wanaoikagua kabla jarida halijaichapisha, kwa hiyo nafasi ya kurekebisha ipo. Usiku huu nimemwandikia mhariri kuomba kuongeza tanbihi yenye jina la yule dada.

Bibi Tanbihi: Na yeye mwenyewe?

Mtafiti Mpweke: Bado, mama. Barua ya mhariri ilikuwa rahisi zaidi. Kesho saa tatu huwa anakaa chumba cha kusomea, meza ya dirishani. Nitamfuata pale.