Kinyesi cha magari ya kulala kinamwagwa mtaroni Arusha, na njia bora ya kukiondoa ipo

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitaificha. Kazi yangu ni ufundi na udereva wa magari ya kulala hapa Arusha, haya yenye kitanda, jiko na choo ndani kwa ndani. Wageni wengine wanakuja nayo kutoka kwao, wengine wanayakodi hapahapa, wanazunguka Tarangire na Karatu, wengine wanateremka nayo hadi Afrika Kusini. Wakifika mjini shida yao ni ileile: tenki la choo limejaa. Na kambi nyingi ninazozijua zinamtoza mgeni kwa kichwa, kila usiku, wakati hazina hata chemba moja ya kumwagia.

Juzi nimefika kambi moja nje kidogo ya mji. Msimamizi ananionyesha mtaro wa maji ya mvua: "Sogeza pale, fungua koki, mvua itasomba." Nikakataa. Akamwita kijana wa bustani na ndoo mbili. Hana glovu, hana gambuti, kavaa kandambili. Mtoto wa watu akaanza kukinga kinyesi chini ya gari na kupanda nacho kilima hadi choo cha wafanyakazi, kinamrukia miguuni kila hatua. Nikasimamisha kazi ile palepale. Jibu nililopata ni kwamba najifanya mjuaji na nitawaharibia biashara.

Biashara ipi? Mitaro ya mji huu inaishia kwenye mito ya Themi, Naura na Burka. Chini kule watu wanamwagilia mchicha, sukuma wiki na figiri kwa maji hayohayo, na mboga zile zinapanda kuja kuuzwa soko la Kilombero na Soko Kuu. Anayefungua koki mtaroni anakula mboga hizo, na watoto wake wanazila. Kipindupindu, homa ya matumbo na minyoo vinapita njia hiyohiyo. Halafu ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza kumwaga uchafu wa namna hii kwenye maji na ardhi. Hakuna mwenye kambi anayeweza kusema hajawahi kuisikia.

Sasa nizungumze na wale wenye nia njema, maana wapo. Wapo wenye magari na wenye kambi ambao hawajawahi kuonyeshwa kitu kingine zaidi ya ndoo na mtaro.

Gari la aina hii kwa kawaida lina matenki mawili ya uchafu: la choo, na la maji ya sinki na bafu. Kwenye magari makubwa ya Kimarekani tenki la choo peke yake huwa kati ya lita 115 na 190. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mzigo huo si wa kumbebesha mtu kwa ndoo, hata umlipe vipi.

Njia iliyozoeleka huko yanakotengenezwa ni mpira mpana wa inchi 3. Unafunga upande mmoja kwenye gari, upande wa pili unaingia kwenye shimo, unafungua koki, uchafu unashuka wenyewe kwa uzito wake. Ni haraka na hauhitaji umeme. Lakini unadai shimo liwe chini kuliko gari, na mpira uteremke bila kupanda mahali popote. Kambi zetu ngapi ziko hivyo? Upande huu wa Meru ardhi ni mteremko mtupu, na shimo la choo mara nyingi limechimbwa nyuma ya majengo, juu kuliko gari linapoegeshwa. Mpira unafanya tumbo katikati, kinyesi kinatuama humo, na ukija kuunyanyua unakumwagikia wewe. Tena mpira wenyewe ni wa kukunjana na ukuta wake ni mwembamba, jua letu likiupiga msimu mmoja unaanza kupasuka kwenye mikunjo.

Ninachokipigania mimi ni pampu ya kusagia. Ni pampu ndogo ya volti 12, ina visu ndani, inakaa kwenye mdomo wa tenki. Inasaga kinyesi na karatasi hadi vinakuwa uji, kisha inausukuma kwenye mpira wa inchi 1 au hata robo tatu, unene wa mpira wa bustani. Inasukuma kupanda, kwa hiyo chemba iliyo juu ya gari haikushindi. Unaweza kuvuta mpira mrefu, gari likabaki lilipo na mgeni asilazimike kuhama. Ukimaliza, mpira unazibwa ncha zote mbili kwa mfuniko, unakunjwa, na hakuna tone linaloanguka. Kijana wa bustani hahitajiki kabisa.

Kuna watu watasema pampu hizi zinaharibika. Ndiyo, zinaharibika kwa sababu wanaoziendesha hawafundishwi. Ukiiacha izunguke kavu, pangaboi la mpira lililo ndani ya pampu linaungua kwa muda mfupi, kwa hiyo sikiliza: mlio ukibadilika, zima. Taulo za kike, nywele na zile tishu za kufutia watoto vinakwama kwenye visu, hivyo mgeni aambiwe mapema kwamba chooni inaingia karatasi laini peke yake. Pampu inakula umeme mwingi, inataka waya mnene wenye fyuzi yake kutoka kwenye betri. Haifai kuchomekwa kwenye tundu la kuchajia simu. Na kati ya tenki na pampu lazima pawe na koki. Pampu ikifa tenki likiwa limejaa na koki haipo, utaifungua ukiwa umelala chini yake.

Wenye magari madogo ya Ulaya wana nafuu. Choo chao kina kasha la kuchomoa, lita 17 hadi 20, unalivuta kama begi na kulimwaga kwenye choo chochote cha kawaida. Watu wawili watalimwaga kila baada ya siku mbili tatu. Hao wanaomba choo kisafi na bomba la kusuuzia tu, na hata hilo kambi nyingine zinawakatalia.

Yapo pia matenki ya plastiki yenye magurudumu, unahamishia uchafu humo kisha unalikokota hadi shimoni. Kwenye sakafu ya zege, sawa. Kwenye changarawe na tope la Aprili, likiwa na lita mia ndani, sitaki kuliona.

Kuhusu magari ya kunyonya majitaka, nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakitaka kulifanya: usiruhusu gari la kunyonya lichomeke mpira wake moja kwa moja kwenye tenki la gari la kulala. Linavuta kwa nguvu kubwa, na tundu la hewa juu ya paa likiwa limeziba, tenki la plastiki linajikunja na kupasuka. Mwaga kwenye chemba, chemba iende kwenye shimo, gari la kunyonya livute kutoka shimoni na kupeleka kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka ya mamlaka ya maji. Moshi wanayo pale Mabogini, na Arusha mamlaka yetu inayo. Mahali halali pa kupeleka uchafu huu hapakosekani. Kinachokosekana ni mwenye kambi kukubali kulipia safari ya gari la kunyonya.

Jambo la dawa nalo. Baadhi ya dawa za bluu za choo cha gari zina fomalini. Inaua harufu, lakini inaua pia vijidudu vinavyomeng'enya uchafu ndani ya shimo lako. Magari kadhaa yakimwaga dawa hiyo kwenye shimo dogo, shimo linaacha kufanya kazi, linajaa haraka na kunuka. Zipo dawa zinazotumia bakteria na vimeng'enya. Mwenye kambi ana haki ya kumuuliza mgeni anatumia ipi kabla ya kumfungulia chemba.

Na wenye magari, acheni tabia ya kuiacha koki ya tenki la choo wazi mkiwa mmeegesha. Maji yanatoka, kinyesi kinabaki na kugandamana chini hadi kinakuwa kichuguu kisichotoka. Ifunge, subiri tenki lifike theluthi mbili, ndipo mwage kwa pamoja. Anza na la choo, malizia na la maji ya bafu, yale yanasuuza mpira.

Lililonikera kuliko yote liko kwenye mpira wa kijani. Katika kambi hiyohiyo ya juzi, mpira uliotumika kusuuza mdomo wa tenki la choo ndio uliochukuliwa kwenda kujaza tenki la maji ya kunywa la gari lililofuata! Ncha yake ilikuwa imelala kwenye kinyesi. Nilipopiga kelele, msimamizi akaifuta kwa kitambaa. Kuna mama na watoto wangekunywa maji yale njiani kwenda Karatu. Mpira wa kusuuzia uwe wa rangi nyingine, bomba lake liwe mbali na bomba la maji ya kunywa, na liwe na kizuizi cha kutorudisha maji nyuma. Hili halina mjadala.

Mtu anayelipa laki na zaidi kwa siku kukodi gari anastahili kambi yenye chemba. Kijana anayelipwa mshahara mdogo wa bustani anastahili kutokamata kinyesi cha watu kwa mikono mitupu. Chemba ya zege yenye mdomo wa inchi 4, mfuniko mzito, sakafu inayoteremkia ndani, na bomba la kusuuzia lenye mpira wake: fundi wa kawaida anaijenga, na inaingia kwenye shimo ambalo tayari mnalo.

Wenye kambi Arusha na Moshi ambao tayari mnayo, andikeni hapa mlipo na mnatoza kiasi gani kwa mtu anayepita kumwaga tu bila kulala. Madereva tuko wengi, tutaleta magari. Na wenye kampuni za kukodisha, mgeni anapochukua gari mpeni pampu, mpira wake, glovu na maelezo ya Kiswahili na Kiingereza yaliyobandikwa ndani ya mlango. Nikikutana tena na gari lenu limeegeshwa juu ya mtaro, picha yenye namba ya gari itakwenda kwa afisa mazingira wa halmashauri siku hiyohiyo.